Tangi la mvua Bangale: kazi yake ni moja tu

Ukiwauliza watu wa Bangale kama kuna faida ya kununua tangi la kukinga maji ya mvua, wengi watakujibu kwa swali: mvua ipi? Wana haki ya kuuliza. Mji wao uko kwenye barabara kuu ya Thika kwenda Garissa, ukishaipita Ukasi na kabla hujafika Madogo, na mto Tana uko mbali mno kwa mtu wa kubeba mtungi. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya maana, na kaunti nzima ya Tana River ikahesabu mizoga. Kisha vuli ya 2023 ikaja na El Nino, mto ukafurika, na barabara hiyohiyo ikakatwa na maji upande wa Garissa. Mtu aliyeona yote mawili ndani ya miaka mitatu ana sababu ya kusita kabla ya kutoa akiba yake kwa ajili ya pipa kubwa la plastiki.

Hata hivyo naamini tangi lina nafasi yake Bangale, mradi lipewe kazi moja: maji ya kunywa na kupikia. Likipewa kazi zaidi ya hiyo litashindwa, na familia itaona imetupa pesa. Sababu iko kwenye hesabu, na hesabu yenyewe haihitaji mhandisi.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja hutoa lita moja ya maji. Hapo ndipo kila kitu kinapoanzia. Chukua nyumba ya mabati yenye paa la mita 8 kwa 5, yaani mita mraba 40. Pima chini, ukubwa wa kivuli cha paa jua likiwa utosini, kwa sababu mwinamo wa paa hauongezi mvua hata tone. Bara ya Tana River hupata mvua haba. Tufanye hesabu kwa milimita 300 kwa mwaka. Juu ya paa hilo zitaanguka lita 12,000. Si zote zitakazofika kwenye tangi. Nyingine hurukia nje, nyingine hukauka juu ya bati lililokuwa na moto, nyingine humwagika pale gata lilipoachana. Ukitoa sehemu moja ya tano, unabaki na lita 9,600.

Lita 9,600 ni nyingi au ni chache? Shirika la Afya Duniani hutaja takriban lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha msingi cha kunywa, kupika na usafi wa lazima. Familia ya watu sita kwa kiwango hicho hutumia lita 120 kwa siku, na maji yote ya mwaka yataisha kwa siku 80. Hapo ndipo watu wanaposema tangi ni upuuzi. Lakini familia hiyohiyo ikiyatenga maji ya mvua kwa kinywa na sufuria tu, lita tano kwa kila mtu, inatumia lita 30 kwa siku, na maji yale yale yanafika siku 320. Paa ni lile lile na mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kufungua mfereji, na kwa shughuli gani.

Mifugo ndiyo inayovunja hesabu hii. Ng'ombe mmoja kwenye joto la Tana anaweza kunywa lita 30 au zaidi kwa siku, kiasi ambacho watu sita wanakitumia kunywa na kupikia. Mworma au Mwardei anayeishi kwa ng'ombe na mbuzi hatakaa atazame ndama akifa huku tangi lina maji nyumbani, na sidhani kuna mtu wa kumlaumu. Ndiyo maana maji ya mifugo lazima yatafutiwe mahali pengine, kwenye silanga, yaani mabwawa ya kuchimbwa, na kwenye visima, kabla tangi halijanunuliwa. Nyumba ambayo silanga yake imekauka na haina kisima karibu haitaweza kulilinda tangi lake, hata wenyewe wakila kiapo.

Swali la pili ni ukubwa. Wauzaji hupenda kuuza kubwa. Kipimo cha kweli ni urefu wa kiangazi unachotaka kuvuka. Masika yakiisha Mei, mvua ya maana haitarajiwi tena mpaka Oktoba au Novemba. Hiyo ni miezi mitano hivi, siku 150, na kwa lita 30 kwa siku unahitaji lita 4,500. Tangi la lita 5,000 linatosha. Msimu wa milimita 150 kwenye paa letu huleta lita 4,800, kwa hiyo tangi la lita 10,000 litakaa nusu tupu miaka mingi. Na kama mfuko hauruhusu lita 5,000, tangi la lita 1,000 lisidharauliwe. Mvua moja kubwa ya milimita 30 inakaribia kulijaza, linatumika mwezi mzima, na kila mvua ikija linajaa upya. Kwa kila shilingi iliyotolewa, lita za mwanzo ndizo zenye faida kubwa kuliko zote.

Sasa pesa. Bei hubadilika kila mwezi na kila duka, kwa hiyo weka zako mahali pa hizi zangu za mfano. Tuseme tangi la lita 5,000, msingi wake, magata, mabomba na fundi vyote vimegharimu shilingi 60,000. Lita 9,600 ni mitungi 480 ya lita 20. Ikiwa mtungi unaupata kwa shilingi 10 kwenye kioski cha kisima, umeokoa shilingi 4,800 kwa mwaka, na pesa zako zitarudi baada ya zaidi ya miaka 12. Toa humo shilingi 3,000 za matengenezo kila mwaka na jibu ni wazi: usinunue. Lakini mtungi uliobebwa na mkokoteni wa punda hadi mlangoni ukiwa shilingi 50, umeokoa 24,000 kwa mwaka, na pesa zimerudi katikati ya mwaka wa tatu, au karibu na mwisho wake ikiwa umetoa za matengenezo. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kupata majibu mawili tofauti, na zote mbili zikawa sahihi.

Yapo mambo mawili ambayo hesabu hiyo haiyaoni. La kwanza ni kwamba bei ya mtungi haitulii. Hupanda kiangazi kinapokaza, wakati huohuo maziwa yamekauka na mbuzi sokoni hana bei. Shilingi 50 za Septemba ya ukame ni nzito kuliko shilingi 50 za Desemba. La pili ni mgongo. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na aliyeubeba kwa kawaida ni mama au binti. Mitungi 480 kwa mwaka ambayo haikubebwa ni saa nyingi za shule na za kupumzika. Sijui namna ya kuziwekea bei, na sioni aibu kuziingiza kwenye mizani hivyohivyo.

Turudi kwenye swali la mvua ipi, maana sayansi ina jibu ambalo mababu zetu hawakuwa nalo. Mwaka 1999, N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao walieleza katika jarida la Nature jambo linalotokea kwenye Bahari ya Hindi. Miaka mingine upande wa magharibi wa bahari, huu wetu, hupata joto kuliko kawaida, na upande wa Sumatra hupoa. Mawingu na unyevu huelemea kwetu, na vuli inakuwa ya kumwagika. Ndivyo ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Hali ikigeuka, bahari ya Sumatra ikawa ndiyo yenye joto, mvua hubaki huko na vuli yetu hukauka. Kwa kuwa bahari hupata joto na kupoa polepole, dalili huanza kuonekana miezi kadhaa mapema, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huzitumia kutoa utabiri wa vuli kabla Oktoba haijafika.

Kwa mwenye tangi utabiri huo ni habari ya kutumia nyumbani. Ukisema vuli itakuwa nzito, gata lisafishwe na kukazwa Septemba. Ukisema vuli itakuwa haba na tangi limeshuka, ni heri majirani wachangiane boza moja mapema, kabla bei haijapanda, wagawane kwenye matangi yao. Jambo jingine husahaulika mara nyingi. Katika ukame wa kweli tangi la mvua huwa ghala. Lori la maji ya msaada likifika kijijini, mwenye mitungi minne huondoka na lita 80, hata kama lori lina maelfu; mwenye tangi huhifadhi zaidi. Tena ghala hilo huyalinda maji dhidi ya joto. Kikundi cha wanasayansi cha World Weather Attribution kilipouchambua ukame ule wa misimu mitano, mwezi Aprili 2023, kilisema ongezeko la joto duniani liliufanya uwezekane angalau mara 100 zaidi, na sehemu kubwa ya athari hiyo ilitokana na joto kunyonya maji kutoka udongoni na kwenye mimea. Silanga iliyo wazi katika nchi hii inaweza kupoteza kina cha mita mbili kwa mwaka kwa kukauka tu, bila mnyama hata mmoja kunywa. Tangi lenye kifuniko halipotezi maji kwa njia hiyo, na hiyo ni faida ambayo haionekani kwenye risiti.

Je, maji yenyewe ni salama? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uvumi ni mwingi na ushahidi upo.

Mvua inapoundwa, maji hupanda angani kama mvuke na kuacha chumvi chini. Kwa watu wa bara ya Tana, ambako visima vingi vina maji ya chumvi, hilo peke yake ni neema: chai haichachi na dengu huiva haraka. Uchafu huingia baadaye, kwenye paa. Kiangazi kirefu huacha juu ya mabati vumbi la barabara, kinyesi cha ndege, cha popo na cha mijusi. Ndani ya kinyesi hicho mna vijidudu vinavyoharisha watu. Jua husaidia, maana bati la saa saba mchana huwa na joto la kuua vijidudu vingi. Lakini vilivyojificha chini ya tabaka la kinyesi kikavu husalimika na kusubiri mvua ya kwanza.

Maji yale ya mwanzo ndiyo machafu kuliko yote, na dawa yake ni kuyatupa. Kwa kila mita mraba ya paa, nusu lita ya kwanza isiingie kwenye tangi. Paa letu la mita 40 linahitaji kutupa lita 20, mtungi mmoja tu. Fundi anaweza kuweka bomba la plastiki la inchi nne, limesimama wima kabla ya mdomo wa tangi, chini limezibwa kwa kizibo cha kufungua. Mita moja ya bomba hilo hubeba lita nane hivi, kwa hiyo mita mbili na nusu zinatosha. Maji machafu hulijaza kwanza, kisha yanayofuata hupita juu yake kwenda kwenye tangi. Mvua ikiisha, unafungua kizibo, maji yanatoka na tope lake, unawapa mbuzi au unamwagia mwarobaini. Usipofungua, mvua inayofuata itakuta bomba limejaa na uchafu wote utaingia ndani. Nyumba nyingi hukosea hapo, na ni kazi ya dakika moja.

Ndani ya tangi pia kuna jambo linalotendeka bila mtu kugusa. Maji yakitulia, vumbi huzama na kuchukua vijidudu vingi nalo. Vijidudu vilivyobaki juu hukosa chakula na joto la mwili vilivyozoea, hivyo huzidi kupungua siku zinavyopita. Kwa hiyo mfereji usitobolewe kwenye sakafu ya tangi. Uwekwe juu kidogo ya tope. Anayechota kwa ndoo kupitia mdomo wa juu analivuruga tope lote, na anaingiza na mikono yake.

Mwaka 2011 lilichapishwa jaribio lililofanywa Adelaide, Australia, mji ambako watu wengi hunywa maji ya mvua. Familia 300 ziligawanywa kwa kura. Nusu ziliwekewa vichujio vya kweli, nusu vichujio vya uongo vilivyofanana na vya kweli kwa nje, na hakuna familia iliyojua ina kipi. Baada ya mwaka mzima, wanaokunywa maji ya tangi bila kuchujwa hawakuumwa tumbo kuliko wenye vichujio. Matokeo hayo yananipa moyo, ingawa siwezi kuyahamisha Bangale yalivyo. Mapaa ya Adelaide si ya barabara ya vumbi, na watoto wa huko si watoto waliodhoofishwa na ukame. Kinachothibitika ni kwamba maji ya paa lililotunzwa vizuri yanaweza kunyweka, na kwamba kazi kubwa iko kwenye paa.

Kwa mtoto mchanga, mjamzito na mgonjwa, ningeongeza kinga moja zaidi. Dawa ya klorini ya dukani hufanya kazi vizuri kwenye maji ya mvua kwa kuwa ni maangavu; itiwe kwenye mtungi wa kunywea na si kwenye tangi zima. Na kuna njia isiyo na gharama ambayo ushahidi wake ulitoka hapahapa Kenya. Mwaka 1980 Aftim Acra na wenzake wa Beirut waliandika katika jarida la Lancet kwamba mwanga wa jua unaweza kuua vijidudu ndani ya chombo kinachopitisha mwanga. Mtafiti wa Ireland, Ronán Conroy, na wenzake wakaja kulijaribu jambo hilo kwa watoto wa Kimaasai. Chupa za plastiki zilijazwa maji. Familia nyingine ziliziweka juani juu ya paa, nyingine ziliziweka ndani ya nyumba. Mwaka 1996 walichapisha matokeo ya watoto 206: waliokunywa maji ya juani walipungukiwa na kuhara, hasa kule kuhara kukali. Kisha kipindupindu kikalipiga eneo hilohilo. Kwenye nyumba za chupa za juani, watoto 3 kati ya 155 wa chini ya miaka sita waliugua. Kwenye nyumba nyingine waliugua 20 kati ya 144.

Chupa inahitaji saa sita za jua kali, au siku mbili ikiwa kuna mawingu, na maji lazima yawe maangavu kiasi cha mwanga kupenya. Maji ya silanga, mekundu kwa udongo, hayafai kwa njia hiyo mpaka yachujwe. Maji ya mvua yanafaa moja kwa moja, na jua Bangale halijawahi kuadimika. Baada ya mafuriko ya 2023 kipindupindu kiliripotiwa Tana River, kwa hiyo siliandiki hili kama historia ya mbali.

Wapo waliosoma mwaka 2022 kwamba wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stockholm wamekuta kemikali za viwandani kwenye mvua ya dunia nzima, hata nchi za barafu. Ni kweli, na ni jambo la serikali kubwa kulishughulikia. Ila kipimo walicholinganishia ni cha tahadhari ya Marekani, kidogo mno. Mtoto wa Bangale anayenyweshwa maji ya silanga walimoingia punda na mbwa ana hatari iliyo karibu zaidi na yenye uwezo wa kumwua wiki hii.

Kuna mbu mmoja ambaye mwenye tangi lazima amjue. Anaitwa Anopheles stephensi, ametoka Asia, na alionekana Afrika mara ya kwanza Djibouti mwaka 2012. Mbu wa malaria tuliyemzoea hutaga kwenye madimbwi ya mvua. Huyu anapenda matangi na mapipa ya maji safi, kwa hiyo anaweza kuleta malaria kiangazi, mjini, pasipo dimbwi. Mwaka 2022 mji wa Dire Dawa, Ethiopia, ulipata mlipuko wa namna hiyo. Mwanzoni mwa 2023 taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI ilitangaza kwamba ameshafika Marsabit. Barabara zetu za kaskazini hubeba malori na mapipa ya maji kila siku. Wavu mwembamba kwenye mdomo wa tangi na kwenye bomba la kufurikia, usio na tundu hata moja, unamfungia nje. Kifuniko kilichopinda hakimzuii.

Sasa nenda utazame nyumba yenye tangi mvua ya kwanza inaposhuka. Mvua ya huku hainyeshi polepole; hushuka kwa kishindo na kwisha kabla chungu hakijachemka. Maji hukimbia juu ya mabati, yanafika ukingoni na kurukia mbele, kupita juu ya gata, mpaka yanachimba mfereji ardhini mbele ya ukuta.

"Fundi, mbona maji yote yanaliruka hili gata lako?"

"Gata halina shida, mama. Maji ndiyo yana mbio."

Fundi yuko sawa, na dawa ipo. Erik Nissen-Petersen, mtaalamu aliyefanya kazi miaka mingi maeneo kame ya Kenya na kuandika vitabu vya mafundi kuhusu maji ya mapaa, alisambaza ukanda wa bati bapa unaokunjwa na kupigiliwa kwenye ukingo wa mabati, halafu unaning'inia kuelekea ndani ya gata. Maji yanayoruka hugonga ukanda huo na kushuka mahali pake. Gharama yake ni kipande cha bati na misumari. Magata yenyewe yalazwe kwa mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita, yakishikwa na waya kila baada ya hatua fupi. Gata lililolegea katikati hutunza maji yaliyosimama na majani yaliyooza, mbu huzaliana humo, na msimu wa pili linang'oka kwa uzito. Nimeona matangi mazima, mapya, yamesimama makavu kwa sababu gata la pembeni liling'oka na hakuna aliyetafuta ngazi. Kwenye nyumba ya mabati, pesa za mwisho zikibaki, ziende kwenye gata na ukanda wake kabla ya kuongeza lita za tangi.

Bado hatujawagusa wale wasio na bati. Nyumba ya asili ya Waorma, ya fito zilizopindwa na kuezekwa nyasi au mikeka, ni nyumba ya busara kwa joto na kwa kuhama, lakini haikingi maji. Nyasi hunywa mvua na kutoa maji ya rangi ya chai. Jirani zetu wa pwani walilikuta tatizo hilohilo chini ya makuti. Kwenye visiwa vya Lamu, pande za Faza, Kizingitini na Ndau, ambako maji ya ardhini mengi ni ya chumvi, watu hujenga jabia: sakafu pana iliyosakafiwa chini, yenye mwinamo, inayopeleka mvua kwenye shimo lililojengewa na kufunikwa. Huko ardhi ndiyo paa. Jirani zetu wa upande wa pili, Kitui, hukinga mvua kwenye miamba kwa kujenga kuta fupi za kuelekeza maji, na wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu, ambako maji hukaa ndani ya mchanga mbali na jua. Bangale haina mwamba kila mahali, lakini sakafu ya jabia yenye uzio wa kuzuia mbuzi inaweza kujengwa popote penye udongo mgumu na watu wanaoaminiana.

Yako pia mapaa makubwa ambayo tayari yamelipiwa: ya shule, ya zahanati, ya misikiti. Kwa familia inayohama na mifugo na kumwacha mtoto kwa shangazi ili asome, paa la shule lina maana kuliko tangi la nyumbani, na ningependa wabunge wa kaunti kule Hola wayape magata ya mapaa hayo kipaumbele kuliko silanga nyingine itakayokauka Agosti. Madarasa mawili yaliyoungana, kila moja mita 8 kwa 7, yana paa la mita mraba 112. Kwa mvua ileile ya milimita 300 na hasara ileile ya sehemu ya tano, yanakinga karibu lita 26,900. Wanafunzi 200, kila mmoja akinywa lita moja kwa siku ya masomo, watakunywa maji hayo kwa siku 134, yaani mihula miwili, kwa kuwa muhula wa wiki 13 una siku 65 za masomo.